BUSTANI YETU: Begonia chini ya upenu

Tuliongea mara nyingi juu ya lengalenga, sukuma na vitunguu. Mwezi huu tunaongea juu ya maua, tena maua ya kuning'inia yanayopenda kivuli: begonia.

Tunajua kuna atakayesema, "Jamani, chakula hakitoshi, nyinyi mnatuletea maua?" Swali ni la haki. Tangu mwaka 2023, WFP ilipogawa familia kwa makundi kufuatana na hali ya kila nyumba, mgao umepungua kwa wengi, na wengine wameutoka kabisa. Kwa hiyo tunasema wazi: mboga kwanza. Udongo mzuri wenye jua ni wa mboga. Lakini chini ya upenu wa nyumba, upande wenye kivuli, mahindi hayaoti na maharage yanakonda. Nafasi hiyo imekaa bure, na ndiyo tunayoizungumzia. Na ukitundika kopo juu, mbuzi hafiki wala kuku hachakuri.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa watu wanapoteza pesa. Begonia ziko za aina nyingi. Ile inayoonekana kwenye kalenda na picha za Ulaya, yenye maua makubwa yanayomwagika kutoka kwenye kikapu, inaota kutoka kwenye kiazi. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Mzazi mmoja wa zile za kuning'inia ni Begonia boliviensis, wa Bolivia na Argentina, ambaye Waingereza walimpeleka kwao katika miaka ya 1860 wakaanza kumchanganya na wenzake.

Begonia hiyo ya kiazi inahesabu urefu wa mchana. Inapenda mchana mrefu, kama saa 14, ndiyo inakua na kutoa maua kwa nguvu. Mchana ukiwa mfupi, inafikiri baridi inakuja: inaacha kukua, inajaza kiazi chake na kulala. Waliosafiri kutoka Kampala kuja Mbarara wanaijua ile alama ya ikweta pale Kayabwe. Sisi Rugaaga na Nakivale tuko chini kidogo tu ya mstari huo. Mchana wetu ni saa 12, Januari mpaka Desemba. Basi ukinunua kiazi kwa bei kubwa kwa sababu ya picha nzuri kwenye pakiti, ujue huku kwetu kinaweza kutoa majani machache na kulala. Hata ukikipa mbolea nyingi, mchana hautarefuka.

Tufanye nini basi? Tuchukue begonia zisizo na kiazi. Kuna ile fupi yenye majani yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, maua madogo mekundu, meupe au ya waridi. Hiyo inatoa maua karibu mwaka mzima, haijali mchana ni saa ngapi. Kuna na ile yenye shina la vifundo kama muwa mwembamba, inayoinamisha maua yake kwa mafungu. Hiyo ukiiweka kwenye kopo la juu, inashuka vizuri. Zote mbili huhitaji kiazi wala mbegu. Mwombe jirani tawi moja tu, au ukienda Mbarara kwa shughuli zako, waulize wauza miche. Msifunge safari kwa ajili ya ua peke yake, nauli ni pesa.

Na ndugu zetu waliotoka Kivu, Rwanda na Burundi wajue hili: begonia si ya wazungu peke yao. Katika misitu ya milima yetu, kuanzia Kongo mpaka Kilimanjaro, kuna begonia ya porini inayopanda juu ya miti, Begonia meyeri-johannis. Pengine wengine waliipita wakienda kutafuta kuni bila kujua jina. Ila hiyo tuiache msituni kwake, kwenye ukungu na baridi. Huku kwenye ukavu wa Isingiro itateseka bure.

Kupanda ni hivi:

1. Kata tawi lenye vifundo 3 au 4, chini kidogo ya kifundo. Toa majani ya chini na maua yote.

2. Tafuta chombo: kopo la mafuta ya msaada la lita 4, au jerikani iliyopasuka iliyokatwa nusu. Toboa matundu 5 au 6 chini. Chombo bila matundu kinaozesha mizizi, na maji yakituama yanazaa mbu.

3. Changanya udongo wa juu makopo 2, samadi iliyooza kabisa kopo 1, mchanga kopo 1. Samadi ya ng'ombe huku haikosekani, lakini mbichi inaunguza.

4. Choma tawi kwenye udongo kifundo kimoja kiingie ndani. Weka kivulini. Baada ya wiki 3 au 4 livute kidogo sana. Likigoma, limeshika mizizi.

5. Tundika upande wa mashariki ukiweza. Jua la asubuhi ni zuri, la saa nane mchana linachoma majani.

Kuhusu kutundika, tafadhali wazazi. Kopo la lita 4 likishalowa lina uzito wa kilo 5 au zaidi. Lifunge kwenye mti imara wa paa kwa waya au kamba nzima, lisiwe juu ya mlango wala mahali watoto wanakaa. Kama nyumba ni ya zamani na miti imeliwa na mchwa, weka kopo juu ya jiwe kivulini, inatosha.

Maji je? Usichukue maji ya kunywa. Maji uliyooshea mchele au mboga yanafaa sana. Ya sabuni nyingi au ya jiki, hapana. Ingiza kidole: udongo ukiwa mkavu mpaka kifundo cha kwanza, mwagia, ukiwa na unyevu, acha. Begonia nyingi zinakufa kwa maji mengi kuliko kwa kiu. Mwagia chini kwenye udongo, si juu ya majani. Ukiona unga mweupe kwenye majani ni ukungu: toa majani hayo, tenganisha makopo hewa ipite.

Jambo la mwisho, na si dogo: begonia si mboga. Ina chumvichumvi zinazowasha mdomo na koo, na kwenye zile za kiazi, kiazi ndicho kibaya zaidi. Mtoto mwenye njaa haulizi jina la kiazi. Mfundisheni mapema, na msipande begonia kopo moja na kitunguu au dania.

Wakati mzuri wa kukata matawi ni mvua zikianza, Machi au Septemba. Ukipata mche mmoja mzuri, baada ya miezi michache una matawi ya kuwapa majirani watatu. Hatuwezi kusema ua linashibisha. Lakini nyumba yenye kopo la maua mlangoni inaonekana kuna mtu anayeishi pale na anayeijali, hata kama hajui ataishi pale miaka mingapi.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya bustani ya gunia: namna ya kupanga mawe katikati ili maji yafike chini. Anzeni kutafuta magunia.