Umelipa Nani? Nauli ya Siku ya Msongamano Isiamuliwe Steji

Ukitoka Bulla Pesa alfajiri siku ya kufungua shule, unaisikia steji ya Isiolo kabla ya kuiona. Manamba wanaita Meru, Nanyuki, Nairobi. Upande mwingine wanaita Marsabit na Moyale. Boda zinashusha masanduku ya shule, magodoro yamefungwa kwa kamba, na mama mmoja anahesabu mizigo yake kwa mara ya tatu. Isiolo haina bahari, lakini asubuhi kama hiyo ni bandari kamili. Barabara ya kusini, ile ya kaskazini inayoenda hadi mpaka wa Ethiopia, na ile ya mashariki ya kuelekea Garbatulla na Wajir, zote zinakutania hapa. Na kila mtu anataka kuondoka saa moja ile ile.

Ni asubuhi ya namna hii ambapo mteja wetu mmoja wa Bulla Pesa alipoteza shilingi 2,400.

Alikuwa anampeleka bintiye shule, upande wa Nyeri. Kabla hata hajashuka vizuri kwenye boda, kijana mmoja alishadaka sanduku. "Mama, gari ndiyo hii, imebaki siti mbili. Elfu mbili mia nne kwa wote wawili. Tuma kwa hii nambari haraka, inajaa." Mama akatuma. Ujumbe ukaingia, kijana akauangalia, akamwambia apande. Wakapanda. Dakika kumi baadaye kondakta akapita akikusanya nauli. Mama akamwonyesha simu. Kondakta akasoma, akamrudishia, akauliza swali moja tu: "Mama, umelipa nani?"

Hakuwa na jibu. Alijua amelipa kiasi gani na saa ngapi. Jina lililokuwa kwenye ujumbe hakuwa amelisoma, na hata alipolisoma sasa halikumwambia chochote. Kijana hakuonekana tena. Mama na binti wakashushwa na sanduku lao, wakarudi nyumbani, na msichana akafika shuleni siku moja baadaye, kwa nauli ya kukopa.

Alipotuletea malalamiko, tulimwambia kile ambacho kampuni kama yetu husema kila mara: mteja, kuwa makini. Tumelifikiria jibu hilo tangu siku hiyo, na tunaona halikutosha. Huwezi kumwambia mtu awe makini mahali ambapo kila kitu kimepangwa kumzuia asiwe makini.

Haraka ndiyo inayoibiwa

Tapeli wa steji hahitaji utaalamu wa kompyuta. Anahitaji vitu vitatu tu: umati, mzigo mkononi mwako, na maneno "gari inajaa". Siku ya kawaida ungeuliza, "Hii nambari ni ya nani?" Siku ya kufungua shule, mkesha wa Idd, au wiki ya Krismasi, swali hilo unalimeza kwa sababu unaogopa kuachwa. Hapo ndipo pesa inapotoka.

Tuseme ukweli pia: manamba wengi si wezi. Ni vijana wa hapa hapa wanaolipwa kidogo kwa kila gari wanalolijaza, na siku ya msongamano wanasaidia kweli, wanabeba mizigo na kuwaonyesha wageni magari. Shida ni kwamba mwizi naye anavaa sauti ile ile. Kwa kumtazama tu, huwezi kumtofautisha na mwenzake. Unaweza kuwatofautisha kwa jambo moja: pesa yako inaelekea wapi.

Tulifikaje mahali pa kulipa nauli kwa nambari ya mtu? Haikuwa mpango wa mtu yeyote. Mwaka 2013, Google na Equity Bank walileta kadi ya nauli iliyoitwa BebaPay. Serikali nayo ilitaka magari ya abiria yaache kupokea noti kufikia Julai 2014. Kadi ilifungwa 2015, na agizo halikushika. Kwa maoni yetu, lilishindwa kwa sababu wahudumu wa gari wanahitaji pesa mkononi njiani, ya mafuta na ya posho ya siku, na hakuna aliyewauliza. Kilichoingia badala yake ni simu ya kondakta mwenyewe. Ilikuwa rahisi, na tukaizoea. Lakini mazoea hayo yametufundisha kutuma nauli kwa yeyote anayetaja nambari kwa sauti ya kujiamini.

Somo kutoka kwenye meli

Bandari ya Mombasa hupokea meli za kitalii, na siku ya meli kama hizo kuondoka abiria ni wengi kuliko wanaojaa steji yetu kwa mara moja. Lakini hakuna anayelipa nauli pale langoni. Kila mmoja alishalipa, ana tiketi, amepewa muda wa kufika, na mkoba wake una kibandiko chenye jina na chumba chake. Foleni inaweza kuwa ndefu na jua kali, lakini mtu akikwambia "tuma haraka kwa hii nambari", utamshangaa.

Msidhani kinachowasaidia ni utajiri wao. Maamuzi ya pesa yalifanywa kabla ya umati kuwepo, na hilo hata sisi wa Bulla Pesa tunaliweza bila meli. Msimamo wetu ndio huu: siku ya msongamano, pesa ya nauli iamuliwe nyumbani, jioni ya kabla ya safari. Steji iwe mahali pa kupanda tu.

Jioni ya kabla ya safari

Anza na ajenti wa mtaani kwako, yule anayekujua kwa jina. Ukitaka noti kidogo za njiani, zitoe kwake jioni. Asubuhi ya safari kila mtu pale steji anatoa pesa na karibu hakuna anayeweka, kwa hiyo ajenti wa karibu na magari huishiwa noti mapema. Ukikuta foleni hapo, huku umeshika simu mkono mmoja na mtoto mkono mwingine, nambari yako ya siri inasomwa na watu watano.

Kama gari unalotaka lina ofisi ya tiketi, nenda siku moja kabla. Ulizia nauli ya siku hiyo yenyewe, maana siku za msongamano huwa inapanda, na ni bora mbishane bei jioni mkiwa mmetulia. Lipa kwa nambari ya tili ya kampuni na uchukue tiketi yenye nambari ya siti. Ukilipa kwa tili ya kununua bidhaa na huduma ya M-Pesa, wewe mteja hukatwi ada, lakini ukituma kwa nambari ya mtu unakatwa kiasi chochote kinapozidi shilingi 100. Yaani njia iliyo salama zaidi ndiyo pia ya bei nafuu.

Weka pesa ya njiani mbali na pesa ya shule. Kama karo unailipa kwa simu, ilipe ukiwa nyumbani, ukiwa na barua ya shule mbele yako na mtu wa pili wa kukusomea nambari. Usisafiri na karo yote kwenye laini ambayo utaitoa mfukoni mara ishirini njiani.

Ukifika steji

Magari mengi hayana ofisi ya tiketi. Yanajaza na kuondoka. Hapo fuata haya manne.

Kwanza, usilipe kabla hujakaa. Siti ndiyo risiti yako ya kwanza.

Pili, mlipe mhudumu wa gari. Sheria za mwaka 2004, zile tulizozoea kuziita za Michuki, zilimtaka kondakta avae sare na beji. Asiye na sare wala beji, akusaidie mzigo, umpe asante yake kando. Nauli si yake.

Tatu, soma jina. Skrini hukuonyesha jina la mpokeaji kabla pesa haijaondoka. Lisome kwa sauti: "Ni hili?" Kondakta wa kweli hatakasirika. Na ukilipa nambari ya biashara, utaona jina la biashara. Ukiona jina la mtu usiyemjua, ghairi.

Nne, ukipokea ujumbe kwamba umetumiwa pesa kimakosa, na mtu anapiga akilia umrudishie, usirudishe kitu ukiwa kwenye fujo. Angalia salio kwanza. Ujumbe wa uongo hutoka kwa nambari ya kawaida ya simu na haugusi salio lako hata kidogo.

Na ukikosea, usisubiri ufike uendako. Kwa M-Pesa, sambaza ule ujumbe wa muamala kwa 456 papo hapo. Kama ni utapeli, tuma nambari ya tapeli kwa 333. Kwa mtandao mwingine, piga huduma kwa wateja ukiwa bado umesimama. Pesa hurejeshwa kwa urahisi ikiwa bado iko kwenye akaunti aliyotumiwa. Yule mama wetu alisubiri nusu saa akimtafuta kijana kati ya magari, na nusu saa inamtosha mtu kutoa pesa na kuondoka.

Basi si turudi kwa noti tu?

Tumeulizwa hivyo, na si swali la kipuuzi. Noti haihitaji mtandao wala chaji. Tunasema beba kiasi: nauli ya dharura na ya chai. Lakini noti ikichomolewa kwenye umati hakuna ujumbe, hakuna jina, hakuna pa kuanzia. Simu angalau ilituachia jina la aliyepokea. Ubaya ni kwamba lilisomwa kwa kuchelewa.

Na sisi je?

Haitakuwa haki kumwachia abiria kazi yote. Wenye magari, andikeni nambari ya tili kwenye mlango na nyuma ya kila siti, kwa herufi ambazo mzee anaweza kuzisoma bila miwani. Ikiwa hakuna anayehitaji kutajiwa nambari, tapeli hana cha kutaja. Ila wapeni wahudumu wenu njia ya kupata pesa ya mafuta na posho siku hiyo hiyo, la sivyo watarudi kwenye simu zao, kama walivyoipita kadi ya mwaka 2013.

Nasi kampuni za malipo, yetu ikiwemo, tuache kutuma ujumbe wa "kuwa makini" baada ya mtu kuibiwa. Tuutume jioni ya kabla ya shule kufunguliwa, kwa Kiswahili, Kiborana na Kisomali, na tuwe na watu wetu pale steji asubuhi, wenye sare, wa kumsaidia mtu kurejesha pesa kabla haijatolewa. Siku za msongamano hazitushtukizi. Kalenda ya shule inajulikana mapema, Krismasi ina tarehe yake, na mwezi wa Idd wote tunautazama.

Basi muhula ujao, jioni ya kabla ya safari, kaeni chini na mtoto wenu. Afunge sanduku, nanyi mfunge hesabu. Asubuhi kondakta akiuliza umelipa nani, uwe na jina la kumwambia.