Waamuzi Wanaonja Nini?

Juma hili tunaongea juu ya mchezo. Tangu 1974, Dungeons & Dragons ilipotoka Marekani, watu wanakaa mezani na kucheza hadithi: mmoja anaeleza pango lenye zimwi, wengine wanasema mashujaa wao wanafanya nini, kisha dadu inatupwa.

Kutunga hadithi hizo kuna shindano lake, Iron DM. Jina lilitoka kwa Iron Chef, kipindi cha mapishi cha televisheni ya Japani, na sisi wa jikoni tunalielewa upesi. Washindani wawili wanapewa viungo vilevile, tuseme daraja lililovunjika, mjane mwenye siri na kengele. Saa zinahesabiwa, kila mmoja analeta hadithi yake.

Kazi ngumu ni ya waamuzi. Wanauliza: tukiondoa kengele, hadithi inabaki ileile? Ikibaki, basi kengele ilitupwa juu tu, kama sambaza mbili juu ya sombe ili mgeni aone samaki. Tena: wachezaji wana la kuchagua, ao wanaburutwa? Hadithi yenye maneno matamu inaweza kuanguka hapo, na kwetu ni haki.

Kisha wanaandika sababu, na aliyeshindwa anazisoma. Hilo tunalipenda kuliko yote. "Ya mwenzako ni nzuri" haimwambii mtoto arekebishe nini.

Jumamosi wapeni watoto vitu vitatu: jembe, taa, mbuzi wa jirani. Watunge. Aliyeshindwa aambiwe ni kitu gani hakikupata kazi, na mbuzi arudishwe kabla ya giza.