Tujifunze kwa Mutombo: Timu haijengwi na wafungaji watupu



Dikembe Mutombo alipofariki dunia tarehe 30 Septemba 2024 kwa saratani ya ubongo, akiwa na umri wa miaka 58, rambirambi zilimiminika kutoka kila pembe. Wengi walikumbuka urefu wake wa mita 2.18, sauti yake nzito kama ngurumo, na kile kidole alichokuwa akikitikisa kila alipomnyima mtu kikapu. Ni haki kuyakumbuka hayo. Lakini naona lipo jambo moja tumelipita kimya kimya, nalo kwa sisi tunaoishi ughaibuni na kwa ndugu zetu waliobaki nyumbani lina uzito kuliko kidole na sauti.

Jambo lenyewe ni hili: Mutombo hakuwa mfungaji. Alicheza misimu 18 katika ligi ya kulipwa ya Marekani, NBA, kuanzia 1991 hadi 2009, na wastani wake haukufika hata pointi 10 kwa mchezo. Ulikuwa 9.8. Leo hii kijana akiwa na wastani kama huo, wengi wetu hatumjui hata jina. Pamoja na hayo, mwaka 2015 Mutombo aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa mpira wa kikapu, na timu mbili alizochezea, Atlanta Hawks na Denver Nuggets, zikastaafisha jezi yake namba 55 ili mwingine asiivae tena.

Je, aliupataje utukufu huo mtu asiyefunga? Aliupata kwa kuzuia. Mara 3,289 aliuzuia mpira uliokuwa ukielekea kikapuni. Tangu ligi ile ianze kuhesabu mizuio, ni Hakeem Olajuwon wa Nigeria peke yake aliyemzidi, akiwa na 3,830. Mara nne, yaani 1995, 1997, 1998 na 2001, Mutombo alichaguliwa mchezaji bora wa ulinzi.

Kwa wale wasioufuatilia mchezo huu, naomba nieleze kidogo. Anayezuia mpira anaonekana shujaa wa peke yake, kumbe sivyo. Ili amfuate mshambuliaji anayekuja mbio, lazima amwache mtu wake aliyekuwa akimchunga. Asipokuwapo mwenzake wa kuliziba pengo hilo, pasi moja tu inatosha, na kikapu kinaingia. Kwa hiyo kila mzuio wa Mutombo ulikuwa na jasho la mtu mwingine ambaye jina lake halikuandikwa popote. Naye Mutombo aliwalipa wenzake kwa namna hiyo hiyo: walinzi wa mbele waliweza kumkaba mpinzani bila hofu, kwa kuwa walijua akiwaponyoka, nyuma yao yupo mtu.

Mafunzo hayo aliyapata shuleni. Aliondoka Kinshasa mwaka 1987 kwenda Chuo Kikuu cha Georgetown, jijini Washington, akiwa na nia ya kuwa daktari, si mchezaji. Huko akakutana na kocha John Thompson. Thompson mwenyewe, alipokuwa kijana, alikuwa mchezaji wa akiba katika timu ya Boston Celtics kuanzia 1964 hadi 1966, akikaa benchi nyuma ya Bill Russell. Huyu Russell ndiye aliyetwaa ubingwa mara 11 katika misimu 13, na alijulikana kwa kuuzuia mpira bila kuutupa nje kwa mashabiki. Aliuzuia taratibu ili ubaki uwanjani, mwenzake audake, na shambulizi lianze upande wa pili. Kuutupa mpira nje kunapigiwa makofi. Kuuacha ndani kunaipa timu mpira.

Nadhani hapo ndipo ilipo siri ya fikra za Mutombo juu ya timu. Kazi yako haipimwi kwa makofi uliyopata, inapimwa kwa kile walichoweza kukifanya wenzako kwa sababu wewe ulikuwapo.

Mwaka 1994 dunia iliona matunda ya fikra hizo. Denver Nuggets waliingia hatua ya mtoano wakiwa wa nane upande wao, na ushindi wa michezo 42 kati ya 82. Wakapangiwa Seattle SuperSonics, walioongoza kwa kushinda 63. Mtindo ulikuwa atakayetangulia kushinda mara tatu. Denver wakapoteza miwili ya kwanza. Kisha wakashinda mitatu mfululizo, wa mwisho ukiwa ugenini Seattle, tena katika dakika za nyongeza. Haijawahi kutokea kabla ya hapo timu ya nane kuing'oa ya kwanza. Katika michezo ile mitano Mutombo alizuia mara 31, na filimbi ya mwisho ilipolia alikuwa amelala chali sakafuni, ameukumbatia mpira, akicheka kama mtoto. Timu ile haikuwa na nyota hata mmoja wa kulinganishwa na wale wa Seattle. Ilikuwa na watu waliokubali kila mmoja kufanya sehemu yake.

Kuna mfano mwingine ambao huzungumzwa kidogo, nao mimi naupenda zaidi. Msimu wa 2007/08 Mutombo alikuwa Houston Rockets, mchezaji wa akiba wa Yao Ming, yule Mchina mrefu. Nyota wa zamani aliyeitwa mara nane kwenye mchezo wa nyota wote, sasa anakaa benchi kumsubiri kijana! Februari 2008 Yao akavunjika mguu, Houston wakiwa wameshinda michezo 12 mfululizo. Watu wakasema basi, mambo yamekwisha. Mzee wa miaka 41 akavua fulana ya mazoezi, akaingia, na timu ikashinda mingine 10, jumla 22 bila kupoteza. Angekuwa amekaa benchi kwa kununa, mwili wake usingekuwa tayari siku hiyo. Hiyo ndiyo juhudi: kujiandaa kila siku kwa kazi ambayo huenda usiitwe kuifanya.

Sasa tujiulize, ndugu zangu: katika nchi zetu, ni kiongozi gani aliyewahi kukubali kukaa benchi? Sisi tuliozaliwa Zaire tulimwona Mobutu akishika mpira miaka 32, kuanzia 1965 hadi 1997, bila kutoa pasi. Kila raia alihesabiwa mwanachama wa chama chake tangu siku ya kuzaliwa. Hiyo nayo tuliambiwa ni timu! La hasha. Timu ina waamuzi ambao hata nahodha akicheza faulo wanampulizia filimbi. Timu ina kocha anayeweza kumtoa mchezaji yeyote. Panapokosekana filimbi na benchi, pale pana mtu mmoja mwenye mpira wake na watu wengi wa kumpigia makofi.

Nasema haya kwa makusudi, maana najua wapo watakaonijibu kwamba wito wa umoja ndio wimbo wa watawala wote wanaotaka tunyamaze. Ni kweli, na mimi niliyeondoka nyumbani kwa sababu ya kuandika nautambua wimbo huo hata ukipigwa kwa mbali. Lakini Mutombo hakuwa mtu wa kunyamaza. Alikuwa msemaji sana, mwenye majivuno yake, na kidole chake kiliwaudhi wapinzani hadi ligi ikaamua kuwa kumtikisia mchezaji usoni ni kosa. Akaendelea kukitikisa kuelekea mashabiki. Alishindana kwa nguvu zake zote na Olajuwon, na Shaquille O'Neal, na kila aliyethubutu kuingia eneo lake. Tofauti ni kwamba alijua kikapu cha mpinzani kiko upande gani. Hakushindana na wa jezi yake.

Sisi tunashindana na nani? Tuache watawala kidogo, tujitazame huku tuliko. Katika mji ninaoishi, Wakongo wazungumzao Kiswahili tulianza na chama kimoja cha kusaidiana. Leo viko vitatu, kila kimoja na rais wake, makamu wake na muhuri wake. Mwaka juzi alifariki mama mmoja, mtu wa Bukavu kama mimi, aliyetaka azikwe kwao. Vyama vyote vitatu vikafungua orodha ya michango, na kila kimoja kikataka fedha zipitie kwake. Watu wakasita, wasijue wampe nani. Mwili ukakaa chumba cha maiti siku kumi na saba. Watoto wake ndio waliokwenda kukopa benki, na vyama vikafika uwanja wa ndege na mabango.

Siandiki haya ili kumdhalilisha mtu. Wale viongozi ni watu wazuri, na kila mmoja wao kwa nafasi yake amewasaidia wengi. Tatizo ni kwamba wote watatu ni wafungaji. Aliyekosekana ni mtu wa kuliziba pengo: wa kupiga simu usiku, wa kuandika daftari la michango, wa kufuata vibali ofisini, asiyehitaji kupigwa picha. Kazi hiyo haina pointi. Lakini bila kazi hiyo ushindani hugeuka na kuingia ndani, ndugu kwa ndugu, na mpinzani wa kweli, ambaye ni msiba, umaskini na upweke wa ugenini, anafunga anavyotaka.

Hata vyama vyetu vya siasa na asasi zetu za waandishi walioko uhamishoni haviponi ugonjwa huu. Mwaka 2025 Goma iliangukia mikononi mwa M23 mwezi Januari, na Bukavu ikafuata Februari. Katika siku zile za kilio, nilihesabu matamko kutoka ughaibuni hadi nikachoka, kila moja na saini ya kiongozi wake. Yalifanana neno kwa neno. Mbona hatukuweza kutoa moja lenye saini zote?

Mutombo naye alipatwa na msiba wa nchi. Mwaka 1997, wakati wa machafuko ya kuanguka kwa Mobutu, mama yake aliugua Kinshasa na hakuweza kufikishwa hospitali kwa sababu njia zilikuwa zimefungwa. Akafa nyumbani. Mwanawe angeweza kulia na kubaki Marekani na mamilioni yake. Badala yake alitoa mamilioni ya dola zake mwenyewe, akabisha hodi kwa wengine kuomba zilizopungua, na mwaka 2007 ikafunguliwa Hospitali ya Biamba Marie Mutombo, yenye vitanda 300, jina la mama yake likiwa mlangoni. Na kabla ya hapo, mwaka 1996, timu ya wanawake ya Zaire ilipofuzu Michezo ya Olimpiki ya Atlanta, ni yeye aliyewalipia jezi na gharama. Yeye mwenyewe hakuwa akicheza humo. Aliona pengo, akaliziba.

Basi nina pendekezo, nalo si kubwa. Tutakapokutana tena kwenye mikutano yetu ya mwaka, huko London, Columbus, Muscat au Brussels, tusianze kwa kuuliza nani atakuwa mwenyekiti. Tuanze na daftari: nani atalitunza, na nani atalikagua? Pili, nani atakuwa na simu iliyo wazi usiku wa msiba? Tatu, tuandike kwamba mwenyekiti akimaliza miaka miwili anakaa benchi, na akiwa benchi anaendelea kulipa ada na kufika mikutanoni kama wengine. Na kuhusu misiba, sanduku liwe moja hata vyama viwe kumi.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kile cha Mutombo tulikipenda sote, lakini nyuma yake palikuwa na mikono ya wenzake wanne uwanjani. Tafakari, ndugu msomaji, kisha upige simu kwa yule wa chama kingine.