Kununua nyumba kwa bima bila upekuzi: Ya London yatawezekana Rumonge?

Mwezi Oktoba 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza mapendekezo ya kubadili namna nyumba zinavyouzwa nchini humo, likiwamo la kumtaka muuzaji atoe taarifa muhimu za nyumba tangu anapoiingiza sokoni. Kwa msomaji wa Bujumbura habari hiyo ni ya mbali. Hata hivyo, nyuma yake lipo swali ambalo ndugu zetu walioko Ulaya wamekuwa wakiniuliza, hasa wanaotuma fedha wanunuliwe kiwanja au nyumba huku nyumbani: kwa nini tusikate bima tu, tukaachana na mahangaiko ya kupekua karatasi?

Tuanze na huko wanakoishi. Mtu akinunua nyumba England au Wales, mwanasheria wake huomba upekuzi. Halmashauri hujibu kama ruhusa ya ujenzi ilitolewa, kama ipo amri yoyote juu ya jengo, na kama barabara iliyo mbele ya nyumba inatunzwa na halmashauri au na wenye nyumba wenyewe. Majibu huweza kuchukua wiki kadhaa. Asiyetaka kusubiri, kwa mfano aliyenunua mnadani, huweza kulipa ada ya bima mara moja. Likija kugundulika jambo ambalo upekuzi ungelifichua, na jambo hilo likawa limeshusha thamani ya nyumba, kampuni hulipa hasara hiyo.

Mwezi Oktoba 2020 wadukuzi walivamia mitambo ya kompyuta ya halmashauri ya Hackney, London, na huduma ya upekuzi ikakwama kwa miezi. Wakati huo huo serikali ilikuwa imepunguza ushuru wa stempu kwa wanunuzi wa nyumba, na punguzo lilikuwa limepangiwa kwisha Machi 31, 2021, kabla ya kusogezwa mbele. Mnunuzi wa Hackney alibanwa pande zote mbili. Bima ikawa mojawapo ya njia za kujikwamua, kwa yule ambaye benki yake iliikubali, maana si benki zote zinazoikubali.

Siwalaumu. Lakini tutazame walichonunua. Bima haimwambii mnunuzi neno lolote kuhusu nyumba yake. Hulipa kushuka kwa thamani, hailipi usumbufu. Hailipi jambo ambalo mnunuzi alikwisha kulijua, wala lililoamuliwa baada ya tarehe ya mkataba wa bima.

La muhimu zaidi, bima hiyo haihusu nani ni mwenye nyumba. Swali hilo England lina jibu katika daftari la ardhi la taifa, na chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2002 daftari likikosea, anayeumia ana haki ya kudai fidia. Bima ya upekuzi hubeba mabaki tu ya hatari.

Marekani wanayo bima ya hati yenyewe, na kampuni ya kwanza ya aina hiyo ilianzishwa Philadelphia mwaka 1876. Wanaoisifu husahau jambo moja: kabla ya kutoa bima, kampuni hupekua kwanza historia ya hati. Upekuzi haukuondolewa, umehamia kwa mwenye bima.

Sasa turudi Rumonge, ambako swali la kwanza ndilo lenye utata: shamba hili ni la nani? Waliokimbia mwaka 1972 waliacha mashamba ya michikichi, yakagawiwa wengine, nao baadhi wakauza. Mkataba wa Arusha wa 2000 uliwapa wakimbizi haki ya kurudishiwa mali zao au kulipwa fidia. Tume ya Ardhi na Mali Nyingine, CNTB, iliundwa mwaka 2006 na muda wake ukaisha 2022. Katika miaka yake ya mwanzo ilipendelea pande mbili zigawane. Baadaye ikaelekea kumrudishia aliyekimbia shamba lote. Kampuni gani ya bima ingeweza kupanga ada, ikiwa karatasi ile ile inatambuliwa mwaka huu na kubatilishwa mwaka ujao?

Mimi nilizaliwa katika makazi ya Ulyankulu, nikasomea Tabora, nikarudi na wazazi mwaka 2009. Baba hakuwahi kuuza hata mchikichi mmoja. Tulikuta familia yenye karatasi iliyopigwa muhuri, iliyonunua kwa jasho lake kutoka kwa mtu aliyegawiwa. Leo ua wa miti unatenganisha nusu yao na nusu yetu. Kama wangekuwa na bima wangelipwa faranga kadhaa, nasi tungeendelea kutazamana juu ya ua. Ambacho hakuna aliyewaeleza kabla ya kununua, wazee wa kilima walikuwa wakikijua siku zote.

Upekuzi wetu uko huko kilimani. Sheria ya Ardhi ya Agosti 2011 iliruhusu huduma ya ardhi ya komuni kutoa cheti baada ya kamati kufika shambani, majirani kuitwa na mipaka kutambuliwa. Kampuni yoyote ya bima itakayotaka kufanya biashara hii Rumonge italazimika kupita njia hiyo hiyo, kisha gharama yake imrudie mnunuzi. Hapo ndipo bima ingefaa, kwa yale ambayo hata majirani hawawezi kuyaona, kama vile saini ya kughushi.

Kwa hiyo ndugu aliye Birmingham au Brussels, pamoja na fedha za kiwanja, atume nauli ya mtu wa kukaa kilimani siku mbili tatu. Asiishie kuuliza muuzaji ana karatasi gani. Aulize waliokuwa wakiishi hapo kabla ya 1972 walikwenda wapi, na watoto wao wako wapi leo.