DAWA YA PAMBA ISIINGIE VYUNGUNI

Ndugu wanakijiji,

Mkutano mkuu wa kijiji utakaa hivi karibuni, na moja ya mambo yatakayoletwa mbele yenu ni mabomba ya ushirika ya kupulizia dawa. Sisi katika halmashauri ya tawi tumelizungumza jambo hili, na tunatoa rai yetu mapema, hapa ukutani, asije mtu akasema hakuambiwa. Rai yetu ni hii: bomba la pamba lisiazimwe tena kwa kazi ya bustani ya mboga, na dawa ya pamba isipuliziwe mchicha, wala chainizi, wala majani ya kunde, wala nyanya.

Tunajua kuna watakaonuna. Na wanune, lakini kwanza wasome.

Hali ilivyo kila mtu anaiona. Mtu ana matuta manne ya mchicha nyuma ya jiko. Ameona vidukari, wale tunaowaita wadudu mafuta, mbio anakwenda kuchukua chupa iliyobaki ya pamba. Jumatatu anapuliza. Jumatano mboga imechumwa. Alhamisi iko gulioni imefungwa mafungu mazuri, inang'aa. Nani anaila? Sisi wote tunaila, na watoto wetu, na mama mjamzito anayeambiwa zahanati ale mboga za majani aongeze damu.

Ndugu, pamba hailiwi. Dawa ile imepimwa kwa zao ambalo likishapuliziwa hukaa shambani muda mrefu kabla ya kuchumwa, tena kinachochumwa ni nyuzi. Atasimama mjuaji aseme, mbona mafuta ya pamba tunakula? Mbegu ya pamba imefunikwa ndani ya tumba, bwana. Mchicha haukufunikwa na kitu. Jani lile lile ulilolipuliza ndilo unalolikata na kulitia chunguni. Na mchicha ni mboga ya kuchuma leo na wiki ijayo kuchuma tena, sasa siku za kusubiri utazipata wapi?

Wengine wanasema, tunaosha. Kuosha ni kuzuri, tuoshe. Lakini zipo dawa zinazoingia ndani ya mmea, zikatembea na maji yake kutoka mzizi mpaka jani. Hiyo hata uoshe mara saba imo tu. Na wale wanaosema "mbona hatujafa" tunawajibu kwamba sumu si lazima iue siku hiyo hiyo. DDT ilipulizwa katika pamba ya nchi hii miaka mingi na watu wakaambiwa ni dawa nzuri. Mwaka 2001 mataifa yalikutana Stockholm yakaandika mkataba wa kuizuia mashambani. Endosalfani nayo, ambayo wakulima wa pamba wanaifahamu sana, iliongezwa katika mkataba huo mwaka 2011. Zote mbili zilikuwa na watu wa kuzitetea.

Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha jioni, tunasoma polepole na kidole kikifuata mstari, lakini lebo tunaisoma. Chini ya lebo kuna mshipi wa rangi. Nyekundu ni sumu kali kabisa, ikifuata njano, kisha buluu, kisha kijani, na hata hiyo kijani si maji ya kunywa. Lebo inataja zao, kipimo, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kama mboga yako haikutajwa pale, hiyo dawa si ya mboga yako, basi. Na dawa inayouzwa imemiminwa kwenye chupa ya soda, haina lebo, msiinunue hata kwa bei ya bure. Chupa ya soda mtoto anaijua kuwa ni ya soda.

Kuhusu bomba lenyewe. Jana lilikuwa na dawa ya magugu, leo linaenda kwenye nyanya, kesho kutwa mwenye nyanya analalamika majani yamejikunja na kuungua, eti karogwa. Amejiroga mwenyewe. Tena dawa ya pamba tunapewa kwa mkopo, ipimwe kwa ekari. Ukiimalizia kwenye mchicha, funza wa vitumba wanakula pamba yako, na deni linabaki pale pale kwenye daftari la ushirika.

Sasa mtauliza, tuwaache wadudu wale? Hapana. Bustani ya nyumbani ni matuta machache, unaweza kuizunguka yote kabla chai haijachemka. Shamba la ekari tatu huwezi kulitembelea jani kwa jani, lakini matuta manne unaweza. Asubuhi pindua majani, tazama chini yake. Mayai yasage kwa kidole, viwavi waokote uwape kuku. Ukikuta mche umekatwa usawa wa ardhi, huyo ni sota. Chokoa udongo hapo hapo kwa kijiti, utamkuta amejikunja. Usiku anakata, mchana amelala jirani tu na mche aliouua.

Wadudu mafuta hawataki sumu kubwa. Maji yenye sabuni kidogo, ukayanyunyiza chini ya majani yakawapata wenyewe, yanawaua. Majivu makavu pia husaidia. Na mkiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, jueni kuna jambo: sisimizi huwalinda wadudu mafuta kwa sababu ya ule utamu wanaoutoa. Yule mdudu wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, msimuue. Yeye na watoto wake wanakula wadudu mafuta mchana kutwa bila kudai posho. Dawa ya pamba inamuua yeye kwanza, kisha wadudu mafuta wanarudi, maana jike lao huzaa bila dume, na mlinzi hayupo tena.

Kwa viwavi tumieni mwarobaini. Mbegu zilizoiva ziondolewe nyama, zianikwe kivulini, zitwangwe. Nusu kilo kwa lita 10 za maji, ilale usiku kucha, ichujwe kwa kitambaa, itiwe sabuni kidogo, ipuliziwe jioni kwa sababu jua huondoa nguvu yake. Msitegemee kuona kiwavi anaanguka papo hapo. Anaacha kula, anashindwa kujivua ngozi, anakufa baadaye. Lakini maji ya tumbaku tunayakataza. Kwa kuwa ni jani basi watu wanadhani halina neno, kumbe ni sumu kali kwa mtu, na tumbaku inaweza kuipelekea nyanya ugonjwa.

Kwenye nyanya tuseme kweli, kazi ni ngumu zaidi. Kantangaze, aliyeonekana nchini mwaka 2014 akitokea asili yake Amerika ya Kusini, hukaa ndani ya jani na ndani ya tunda, na dawa nyingi ameshazizoea. Hapo chumeni majani yenye njia zake myachome, na anayetaka kupuliza amwone bwana shamba apewe dawa ya nyanya yenye lebo, na siku za kusubiri azihesabu.

Limebaki lile neno la gulioni, kwamba mchicha wenye matundu hauuziki. Ni kweli wanunuzi wanaupita. Lakini hao wanunuzi ni akina nani kama si sisi? Tunaomba akina mama wanaouza walizungumze hili wao wenyewe kabla ya mkutano, waje na bei na kauli moja.

Mwarobaini uko uwanja wa shule na nyuma ya zahanati. Jumamosi saa mbili asubuhi tunaokota mbegu, kila kaya mtu mmoja na kikapu. Vinu viwili vitakuwa ghalani kwa ushirika.

Katibu wa Chama, Tawi la Kijiji