Video Yenu Haijakosa Kamera, Imekosa Karatasi

Niseme wazi, na atakayeumia aumie. Video nyingi za muziki zinazotengenezwa na wanafunzi huku kwetu, kuanzia Roysambu hadi Ruiru, ni mbovu, na shida si pesa. Shida ni kwamba watu wanaamka Jumamosi, wanavaa, wanakodi vitu, wanaanza kushuti, halafu jioni ndio wanaulizana: “Kwani hii video inahusu nini?”

Mimi huediti. Kila mwisho wa semesta naletewa flashi, na kila flashi inakuja na kisingizio kilekile: “Buda, tungekuwa na kamera kali ungeona maajabu.” Hapana, buda. Mngekuwa na kamera kali ningeona upuuzi uleule, ila ungekuwa msafi zaidi.

Wacha tupige hesabu. Mwaka jana wasee wanne wa chuo kimoja hapa karibu walichanga elfu 20. Pesa za HELB zilikuwa zimeingia, kwa hivyo kila mtu alijiona tajiri kwa wiki moja. Elfu 9 zikaenda kwa gari la kukodi. Elfu 5 kwa mtu wa droni. Elfu 4 kwa kamera. Elfu 2 nguo na chipo. Jumla elfu 20, na wa kuediti akaahidiwa “tutakutag”.

Sasa sikia wimbo wenyewe ulihusu nini. Ulihusu mama anayeamka saa tisa usiku kwenda kutafuta mboga ndio mtoto asome. Mashairi mazito, manze, hadi nilisimamisha kazi nikasikiliza tena. Halafu nikafungua klipu. Zilikuwa 43. Thelathini ni za gari: gari likiegeshwa, gari likifunguliwa mlango, msee akiegemea gari, msee akiangalia saa ambayo si yake. Mama hakuwa kwa klipu hata moja. Na hapo walipoegesha lile gari, ukitembea dakika kumi unafika soko la Githurai, penye akina mama mia wa wimbo huo wameketi na nyanya mbele yao.

Hilo ndilo linaniuma. Wimbo mzuri uliuawa na watu waliouandika wenyewe, na wakalipa elfu 20 kuuua.

Mtu ataniambia sanaa ni pesa. Sawa, twende kwa historia, na hatuendi mbali. Just a Band walianza wakiwa wanafunzi wa Kenyatta University, hapo tu mbele ya Githurai, unashukishwa kabla konda hajamaliza kurudisha chenji. Mwaka 2010 wakatoa video ya “Ha-He”, na nchi nzima ikaanza kuongea kuhusu Makmende. Ukiiangalia leo, kinachoibeba ni mhusika mmoja: afro, kitambaa kichwani, mwendo wa filamu za Marekani za miaka ya 70, na jina ambalo watoto wa mitaa ya Nairobi walikuwa wakilitumia tangu zamani kumwita anayejifanya mkali. Hilo ni wazo. Mtu alikaa chini akafikiria mhusika avae nini, atembee vipi, apigane na nani, kabla kamera haijatoka kwa mfuko.

Halafu 2018 Ethic wakatoka Umoja na “Lamba Lolo”. Usiniletee maoni yako kuhusu maneno ya ule wimbo, hiyo ni vita nyingine. Angalia video. Ni vijana wa mtaa, wako mtaani, wamejiachilia. Hakuna aliyejifanya anakaa Runda. Gengetone ikalipuka baada ya hapo, na moja ya sababu ni kwamba mtoto wa Umoja, wa Dandora na wa Githurai aliona ukuta unaofanana na wa kwao.

Kwa hivyo nikisema karatasi, namaanisha karatasi kweli. Chukua daftari, chora safu tano. Ya kwanza: mstari wa wimbo. Ya pili: tunaona nini. Ya tatu: wapi. Ya nne: saa ngapi. Ya tano: nani ameturuhusu. Basi. Hiyo haihitaji HELB.

Na hesabu yake ni hii. Wimbo wa dakika tatu na nusu ni sekunde 210. Ukikata picha kila sekunde tatu, unahitaji vipande 70. Ukifika kwangu na vipande 13 vinavyoeleweka na 30 vya gari, unataka nifanye nini? Nitarudia. Nitaweka mwanga wa kumetameta, nitatikisa picha, nitageuza rangi iwe ya samawati. Ukiona video ya mwanafunzi inatetemeka kila sekunde, jua hiyo si staili. Ni mtu wa kuediti anaficha njaa ya vipande.

Sasa kuhusu mtaa. Githurai 45 ni lokesheni ambayo mtu wa Uropa angepanda ndege kuja kuitafuta, na nyinyi mnaikimbia. Kuna reli inakata katikati. Kuna daraja la miguu juu ya Thika Road, na chini yake magari yanaenda kama mto. Kuna manganya zimechorwa na watu ambao ni wasanii kukushinda. Kuna rangi za soko ambazo hakuna programu ya simu inaweza kuzitengeneza. Na kuna kichekesho cha jiografia: 45 iko Kaunti ya Kiambu, lakini ukivuka barabara ukafika 44 uko Nairobi. Yaani unaweza kufukuzwa na askari wa kanjo wa kaunti mbili kwa wimbo mmoja. Ndio maana ile safu ya tano ipo.

Na hapa nawageukia pia wale wanaojiita wa mtaa, kwa sababu kuna upuuzi wa aina ya pili. Msee anaamua, “sawa, tunashuti soko,” anaingia na kamera, anamulika mama usoni bila hata salamu. Halafu akifukuzwa anasema watu wa Githurai ni wakali. Wewe ndiye huna adabu! Mama si pambo la nyuma yako. Yuko kazini, na uso wake ni wake. Nenda siku mbili kabla, bila kamera. Msalimie, mwambie, “Shikamoo mama, sisi ni wanafunzi, tuna wimbo kuhusu kazi kama yako.” Mwekee wimbo asikie. Nunua nyanya. Muulize ni saa ngapi wateja ni wachache. Akikataa, amekataa, enda kwa mwingine. Na mtoto mdogo hashutiwi kama mzazi hajasema ndiyo, hata akicheza ngoma vizuri kukuliko.

Mambo ya siku yenyewe nitayapitia haraka, kwa sababu mkiwa na karatasi haya ni rahisi.

Jua letu halingoji mtu. Linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, na kufikia saa tatu limeshaanza kupanda juu sana. Saa sita liko utosini, na macho ya msanii yanageuka mashimo meusi. Kwa hivyo ukipanga kukutana saa nne, umeshapoteza siku. Kutaneni gizani.

Msanii aimbe kwa sauti, na wimbo upigwe kwa spika ambayo simu inaisikia. Hiyo sauti mbaya ya simu ndiyo mimi natumia kulinganisha midomo na wimbo halisi. Ukinipa klipu bila sauti, umenipa kazi ya usiku mzima. Ukitaka mwendo wa polepole huku midomo ikiwa sawa, piga wimbo kwa kasi mara mbili, imba kwa kasi hiyo, shuti fremu 50 kwa sekunde, mimi nitapunguza hadi 25.

Ndani ya nyumba au kinyozi, taa zikionyesha mistari inayotembea kwa picha, si kamera mbovu. Umeme wetu ni wa Hz 50. Weka shata 1/50 au 1/100, mistari itaisha. Simu nyingi zinakubali ukitumia programu ya kamera yenye mpangilio wa mkono.

Na droni: sheria za Mamlaka ya Usafiri wa Anga za 2020 zinadhibiti droni, na huku kwetu kuna kambi ya jeshi ya Kahawa. Unataka kurusha kitu angani karibu na kambi kwa sababu ya sekunde nne za paa za mabati? Panda daraja la miguu, ni bure.

Sasa tuongee kuhusu kuediti, kwa sababu hapa ndipo dharau inazidi. Kuna sentensi naichukia: “Hiyo utarekebisha kwa kuediti.” Kuediti si kuombea wafu. Mimi nachagua, napanga, nakata. Siwezi kuchagua kitu ambacho hamkushuti. Na kazi hiyo inachukua muda: kutazama klipu zote, kulinganisha sauti, kukata mara ya kwanza, kukata mara ya pili, rangi, kisha nyinyi mnakuja na “ongeza picha zangu” kila mmoja kivyake. Kwa simu ya kawaida au kompyuta ya elfu 25 inayopiga kelele kama posho mill, hizo ni siku, si masaa. Yule mwenye gari alilipwa kabla ya kutoa ufunguo. Mbona mimi nilipwe na tag? Landlord wangu hana Instagram.

Na kabla hamjapandisha hiyo kazi, mliulizia biti? Ile biti ya YouTube iliyoandikwa ni ya bure, mara nyingi bure yake ni kama huiuzi. Wimbo ukishika, mwenye biti atatokea na pesa za matangazo zitaenda kwake, na atakuwa na haki. Andikeni pia nani anamiliki nini katika kikundi. Urafiki ni mzuri, lakini tumeona vikundi vikivunjika kwa sababu ya nywila ya chaneli.

Najua mtaniambia nini. La kwanza: “Gari linaleta views.” Labda, kwa msanii ambaye tayari anajulikana. Wewe hujulikani. Mtu akiona gari la kukodi nyuma yako, anaona msanii wa elfu moja na mmoja mwenye gari la kukodi, anapita. La pili lina uzito zaidi, na silidharau: “Tumechoka kuonyesha umaskini. Githurai inaonekana kwa TV wakati wa jam, moto, au tear gas tu. Tukishuti soko, tunawapa kile wanachotaka.” Nakubaliana na hasira hiyo kabisa. Lakini anayeonyesha umaskini ni yule anayekuja saa moja, anatafuta taka, anaondoka. Wewe unajua jina la mama, unajua utani wa konda, unajua ni kinyozi gani ana vioo vya bluu. Ukikimbilia geti la watu wa Runda, unakubaliana na wale wa TV kwamba kwenu hakuna kitu cha kuangalia.

Na si wanafunzi peke yao wenye makosa. Walimu na wahadhiri, nyinyi mnapokea video ya mwisho, mnaipa alama, mnaendelea. Hamuulizi karatasi. Mwanafunzi akijua alama nusu ziko kwa mpango na ruhusa, atapanga. Shule za upili ya juu zimeanza Gredi ya 10 mwaka huu wa 2026, na kuna njia nzima ya Sanaa na Michezo. Hao watoto watafundishwa kubonyeza kamera au kufikiria? Serikali nayo bado inatumia Sheria ya Filamu, Sura ya 222, ya mwaka 1962, inayodai leseni kwa filamu ya kuonyeshwa hadharani. Mwaka 1962 hakuna aliyewaza mtoto wa miaka 17 na Tecno mkononi. Toeni leseni ya mwanafunzi: bure, ya siku moja, inayopatikana kwa simu, halafu ndio mtuambie tufuate sheria.

Mkitaka niwaeditie semesta ijayo, masharti yangu ni haya. Nataka karatasi yenye safu tano kabla ya kugusa flashi. Nataka flashi mbili, si moja, kwa sababu moja itaharibika. Nataka nusu ya pesa mkononi mwanzo. Na kama wimbo unamhusu mama, nataka kumwona mama, akiwa amekubali, akiwa ametazama video kabla ya watu wengine wote.

Elfu 9 za gari mpeni yeye. Au rudini nazo darasani, kuna fee.