Dracula na Mumiani ni Ndugu

Huko Sarang'ombe, mtaa wa Kibera jijini Nairobi, vijana wamezoea vibanda vya video. Humo sinema za kigeni huonyeshwa zikiwa na sauti ya msimulizi, kama DJ Afro, anayezieleza kwa Kiswahili na Sheng. Kazi hiyo ni ya sifa. Nina ombi moja kwa wasimulizi hao, na kwetu sisi tunaotazama majumbani: tuzirudie sinema za kutisha za zamani za Waingereza, na tuzisimulie kwa maneno yetu wenyewe.

Kampuni ya Hammer ilitoa "The Curse of Frankenstein" mwaka 1957 na "Dracula" mwaka 1958. Katika hiyo ya pili Christopher Lee ndiye mnyonya damu, na Peter Cushing ndiye anayemwinda. Wakaguzi wa Uingereza waliikata baadhi ya sehemu, lakini vipande kadhaa vilivyopatikana Japani vilirudishwa katika diski iliyotolewa mwaka 2013. Kwa hiyo anayetazama nyumbani leo huona zaidi ya alichoona Mwingereza wa 1958.

Vijana watasema kuwa damu ile ni rangi tupu. Ni kweli. Lakini tazama, msomaji, ni nani anayetisha. Dracula ni mkubwa mwenye ngome. Frankenstein ni mtu wa cheo. Katika "The Plague of the Zombies" ya mwaka 1966, bwana mmoja wa Cornwall aliyepata uchawi Haiti huwaua wanakijiji, akawafufua wamchimbie mgodi wake. Hawadai mshahara wala hawagomi. Mswahili hahitaji mkalimani hapo: hao ni misukule. Na mkazi wa Sarang'ombe anayetoka alfajiri kwa miguu kwenda kutafuta kibarua Industrial Area atamtambua upesi bwana wa namna hiyo.

Wazee wetu walikuwa na hadithi yao. Zama za ukoloni, pwani na bara, watu walimhofu mumiani, anayewavizia wanyonge usiku na kuwatoa damu ili wakubwa wapate dawa. Wengine waliwashuku hata wazima moto wa serikali. Wakoloni waliyaita hayo ushirikina wa washenzi, na huku kwao watu walipanga foleni kumtazama Dracula! Hata neno lenyewe ni la ukoo mmoja: "mumiani" na lile la Kiingereza "mummy" yote yanatokana na "mumiya" ya Waajemi na Waarabu.

Si kwamba sinema hizi hazina ila. Katika "The Mummy" ya mwaka 1959, Mmisri aitwaye Mehemet Bey, jina la Kiislamu kabisa, anaabudu mungu aitwaye Karnak, ilhali Karnak ni mahali penye mahekalu ya kale karibu na Luxor. Mzazi awaeleze wanawe uzushi huo. Awaeleze pia kwamba msalaba unaomfukuza Dracula ni itikadi ya wenyewe, na kwamba sisi tunayo ya kusoma tukishikwa na hofu. Hata hivyo, Mehemet Bey huyo anamkabili Mwingereza kwa swali la haki: nani aliyewapa ruhusa ya kufukua makaburi ya watu? Kwetu sisi tunaoheshimu maiti, swali hilo si dogo.

Kinachonisikitisha ni kuwa watoto wetu wanamjua Dracula, na mumiani hawamjui. Hadithi isiyosimuliwa hufa na wazee wake. Basi wasimulizi wa Sarang'ombe wamwite Dracula mumiani, na maiti wa mgodini wawaite misukule. Nasi majumbani, filamu ikiisha, tuzime televisheni tumwachie bibi nafasi ya kusema. Yake ndiyo itakayowanyima watoto usingizi.